MNARA ULE ULE, MTANDAO MWINGINE



Tulipokutana kuandaa toleo hili, mwanafunzi wetu mmoja anayetoka vijiji vya Itilima alituuliza swali lililotufanya tuyaweke kando mengine tuliyokuwa tumeyapanga. Alisema hivi: "Ustadh, simu ni moja, laini ni moja, na bando ni lile lile. Nikiwa hapa Bariadi mjini simu inaandika 4G. Nikienda nyumbani likizo inaandika E, na mnara nauona kwa macho, hauko hata mwendo wa nusu saa kwa miguu. Je, ubovu uko kwenye simu yangu au kwenye mnara?"

Wenzake walicheka, lakini swali lilikuwa na uzito. Likizo iliyopita kijana huyo alitaka kumfungulia mdogo wake matokeo ya darasa la saba kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Ukurasa ulizunguka hadi betri ikaisha. Mwishowe nyumbani walimlipa mwenye pikipiki aende Bariadi mjini kusoma jina moja na kurudi.

Jibu letu lilikuwa kwamba simu ni nzima na mnara nao ni mzima. Ila mnara ule unazungumza lugha ya zamani na mitambo ya zamani, na kuufundisha lugha mpya si kazi ya kupanda juu na kufunga antena nyingine, kama wengi wanavyodhani. Alitutaka tufafanue. Ndiyo sababu ya makala haya.

MNARA HAUJUI MENGI

Tukisema "mtandao" wengi wetu tunanyoosha kidole kwenye mnara. Kwa hakika mnara ni chuma cha kubebea antena tu. Kinachofanya kazi ni kituo cha redio kilicho chini yake, ndani ya kabati au kibanda chenye uzio, na hata hicho hakijui mengi. Hakijui una salio kiasi gani. Hakijui kama unayempigia yuko Maswa au yuko Muscat. Kazi yake ni kupokea mawimbi ya simu yako na kuyapeleka mbele, kisha kupokea majibu na kukurushia.

Tuchukue mfano ambao kila mtoto wa Simiyu anaujua, kwani mkoa wetu ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Mkulima hapeleki pamba yake moja kwa moja kiwandani. Anaipeleka kwenye kituo cha chama cha ushirika kijijini, inapimwa kwenye mizani, inapakiwa kwenye lori, inakwenda jineri. Huko ndiko mbegu hutenganishwa na nyuzi na mambo yote ya maana hufanyika.

Basi mnara wa kijijini ni kituo cha kununulia pamba. Barabara ni njia inayotoka mnarani kwenda mjini, ama kwa dishi la mawimbi linalotazamana na dishi jingine kilimani, ama kwa waya wa faiba uliofukiwa ardhini. Na jineri ni ile tutakayoiita mitambo ya kati, yaani kompyuta kubwa zilizowekwa mijini ambazo ndizo zinakutambua wewe ni nani, zinakata salio, zinaunganisha simu na kukufikisha kwenye intaneti.

Ukishauelewa mfano huo utaona haraka kwamba kubadilisha mizani ya kijijini peke yake hakumsaidii mkulima kama lori ni lile lile bovu, au kama jineri ina mashine ya miaka thelathini iliyopita. Vitatu hivi hubadilishwa pamoja. La sivyo mzigo hulala njiani.

TULIPOTOKA

Simu za mkononi zilianza Tanzania mwaka 1994 kwa kampuni ya Mobitel, zikiwa za analojia na za watu wachache wenye fedha. Vodacom ilianza mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, na hapo mfumo wa GSM, ambao leo tunauita 2G, ukaanza kusambaa mikoani. Wakati huo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, kwani Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012. Wazee wetu wanakumbuka zama za kupanda juu ya jiwe au kusimama juu ya kichuguu ili kuutafuta mtandao.

Mfumo wa 2G ulitengenezwa kwa ajili ya sauti, na hilo ni muhimu sana kulishika. Kila mtu anapopiga simu hukatiwa kijia chake peke yake tangu mnarani hadi kwenye swichi mjini, na kijia hicho kinakuwa chake hadi akate, hata akinyamaza. Sasa tupige hesabu kidogo. Redio moja ya 2G ina nafasi nane. Mnara mdogo wa kijijini huwa na pande tatu, na tuseme kila upande una redio mbili, yaani nafasi 16. Mbili kati ya hizo hutumika kwa mambo ya mtandao wenyewe, kama kuita simu na kupokea ujumbe mfupi. Zinabaki 14. Mara tatu ni 42. Kwa hiyo mnara mzima unabeba watu 42 wanaozungumza kwa wakati mmoja, na wa 43 anaambiwa mtandao una shughuli. Mafundi wanaweza kubana sauti ili nafasi moja ibebe watu wawili, na ndiyo zile siku unamsikia mwenzako kama anazungumza ndani ya mtungi.

Intaneti ilikuja baadaye ikachomekwa ndani ya mfumo huo huo. Ile herufi E inayomsumbua ndugu yetu wa Itilima ni data inayopita kwenye nafasi za 2G zilizobaki baada ya wapigaji simu kuchukua zao. Siku ya gulio wapigaji ni wengi, na data hubaki na makombo.

NJIA YA KWENDA MJINI NDIYO MKASA

Hapa tunaomba mtuvumilie tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye siri yote na ndipo watu wengi hawapaangalii.

Minara ya 2G iliunganishwa na mji kwa njia moja nyembamba ya kiwango cha zamani cha simu, yenye uwezo wa megabiti 2 kwa sekunde, iliyogawanywa katika vijia 32. Kwa sauti ilitosha na kubaki. Mara nyingi njia moja iligawanywa kwa minara miwili au mitatu iliyofuatana, mmoja ukimpitishia mwenzake.

Sasa fikiri kituo cha 4G. Upande mmoja tu, ukipewa masafa ya upana wa megahezi 10, unaweza kufikia megabiti zipatazo 75 kwa sekunde wakati hali ni nzuri. Gawanya 75 kwa 2 na utaona kwamba upande mmoja wa mnara unahitaji njia zaidi ya 37 za zamani. Pande tatu je?

Kwa hiyo mtu akifunga redio mpya ya 4G juu ya mnara wa Itilima halafu akaiunganisha kwenye dishi la zamani, simu zote za kijiji zitaandika 4G kwa fahari, na ukurasa wa matokeo utaendelea kuzunguka vile vile. Alama ile inaonyesha tu simu imekubaliana lugha gani na mnara. Haisemi lolote juu ya barabara iliyo nyuma ya mnara. Tunadhani hili ndilo jambo moja ambalo kila mwenye simu angepaswa kulijua kabla hajailaumu simu yake au kuitupa.

Ndiyo maana kazi ya kweli ya kuboresha huanzia kwenye njia. Dishi la zamani huondolewa na kuwekwa lenye uwezo mkubwa, au faiba husogezwa karibu. Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009, mwaka ule ule ambao waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari. Halotel nayo ilipoanza mwaka 2015 ilikuja ikiwa imeshafukia faiba yake hadi wilayani. Lakini faiba haiwezi kufika chini ya kila mnara, na minara mingi ya vijijini itaendelea kutegemea madishi yanayorushiana mawimbi kutoka kilima hadi kilima.

Kuna badiliko jingine ndani ya njia hiyo, nalo halionekani kwa macho. Mitambo ya kati ya 4G haijui vijia vya kukatiwa mtu mmoja mmoja. Inajua pakiti tu. Kila kitu, kiwe picha, sauti au barua, hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hubandikwa anwani yake kikapita barabara moja na vya wengine. Tena, katika 2G kati ya mnara na mitambo ya kati kuna msimamizi, kompyuta iliyoko mjini, tuseme Mwanza, inayoamrisha makumi ya minara: huyu mpe nafasi ya tatu, yule mhamishie mnara wa jirani. Katika 4G msimamizi huyo hayupo. Mnara wenyewe hufanya maamuzi, huzungumza na mitambo ya kati moja kwa moja, na huulizana na minara jirani bila kupitia kwa mtu. Ni sawa na kituo cha kijijini kuambiwa kuanzia leo utajipimia na kujipangia malori mwenyewe. Kabati la zamani halina akili ya kutosha kwa kazi hiyo, na hapo ndipo linapobadilishwa.

HABARI YA SAA

Jambo moja lilitushangaza sisi wenyewe tulipolisoma. Kila kituo cha redio kinahitaji saa sahihi mno ili kishike masafa yake bila kuteleza na kuingilia ya jirani. Usahihi unaotakiwa ni kwamba kosa lisizidi sehemu 5 katika milioni 100. Saa ya namna hiyo ikiwa ukutani ingekosea sekunde moja baada ya miezi saba na nusu hivi.

Mnara wa 2G haukuwa na haja ya kuwa na saa ghali kiasi hicho, kwani mapigo ya saa yalikuja yenyewe kupitia ile njia ya zamani kutoka mjini, kama wanafunzi wanaosoma pamoja kwa kufuata sauti ya mwalimu. Njia ya pakiti haina mapigo hayo. Pakiti moja hufika mapema na nyingine huchelewa. Kwa hiyo siku unapoing'oa njia ya zamani, unaing'oa na saa pia. Mafundi hulazimika kufunga kifaa cha kupokea saa kutoka satelaiti za GPS, ile antena ndogo mfano wa uyoga mweupe unayoweza kuiona kando ya kabati, au kutuma saa kwa pakiti maalumu zinazopewa kipaumbele njiani. Asiyelijua hili anaweza kufunga vifaa vipya vyote vya thamani, simu zikakatika kila wakati, na akashindwa kujua mchawi ni nani.

JUU YA MNARA NA CHINI YAKE

Tazameni minara ya zamani mkipita. Utaona nyaya nene nyeusi zimepanda kutoka kwenye kibanda hadi kwenye antena. Redio ilikuwa chini, na nguvu ilipanda kwa waya. Kwa mnara wa mita 50, katika masafa ya megahezi 1800, karibu nusu ya nguvu hupotea ndani ya waya kabla ya kufika kwenye antena. Umeme mwingine huliwa na kiyoyozi cha kupoza kibanda.

Katika mpango mpya redio huwekwa juu kabisa, nyuma ya antena, katika boksi lenye mapezi ya kupozwa na upepo. Kinachopanda ni faiba nyembamba na waya wa umeme. Chini hubaki boksi dogo la hesabu. Tena redio za siku hizi hufuata programu: boksi moja linaweza kurusha 2G na 4G kwa wakati mmoja, na lugha ya ziada huongezwa kwa kutuma softiwea kutoka mjini. Hii ndiyo inayoruhusu mnara ule ule, kwenye uzio ule ule, kuhama kizazi bila kuvunjwa.

Lakini kila kilo inayopandishwa juu hushika upepo, na si kila mnara ulijengwa kwa hesabu hiyo. Halafu, jambo ambalo wengi hawalijui, chuma mara nyingi si mali ya kampuni ya simu. Helios Towers ilinunua minara ya Tigo mwaka 2010 na ya Vodacom mwaka 2013, na kampuni za simu hulipa kodi ya kutundika vifaa vyao. Kuongeza boksi ni kuongeza kodi.

Na umeme? Mnara ulio mbali na nguzo za TANESCO huendeshwa kwa sola na betri, au kwa jenereta linaloletewa dizeli. Mtu wa kwetu haelezwi habari ya udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika. Lori la dizeli likinasa siku tatu, mnara unazimika, uwe wa 2G au wa kizazi chochote. Ukiongeza 4G bila kuongeza betri na sola, unaupata mtandao wa kasi mchana na giza usiku.

WENYE VITOCHI WATAKWENDA WAPI?

Tulipofika hapa katika mazungumzo yetu mwalimu mmoja aliuliza: kwa nini basi wasiizime 2G moja kwa moja, masafa yake yote wakayapa 4G? Wako waliofanya hivyo. Kampuni ya Telstra ya Australia iliizima 2G yake mwaka 2016, na AT&T ya Marekani ikafuata mwanzoni mwa 2017. Kwetu sisi swali hilo lina majina ya watu ndani yake.

Mitambo ya kati ya 4G haina swichi ya kupigia simu kama ile ya zamani. Sauti inaweza kupita humo kama pakiti, ila kwa simu na kampuni zinazokubali utaratibu huo. Nyingine zote hufanya ujanja: simu ikiita, inashuka kwanza kwenye 2G au 3G, unazungumza, ukikata inapanda tena. Mwenye simu janja aangalie kioo chake anapopigiwa. Ile 4G ikigeuka H au E wakati wa mazungumzo, ndiyo kushuka kwenyewe.

Simu ndogo ya vitufe, kitochi, aghalabu haina pa kupanda. Imetengenezwa kwa 2G tu. Na mama anayeuza mboga sokoni anapobonyeza *150*00# ili apokee fedha, menyu ile hupita kwenye njia za alama za mfumo wa zamani. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008 ikajengwa juu ya msingi huo kwa makusudi, kwa kuwa kila simu iliuweza. Ada za wanafunzi wetu wengi huja kwa njia hiyo, kutoka kwa wazazi walioko Meatu, Busega na kwingineko, ambao hawajawahi kufungua intaneti hata siku moja. Ukiizima 2G kesho asubuhi, kijana wa Itilima atapata matokeo kwa sekunde mbili na baba yake atashindwa kumtumia nauli.

Hivyo basi kuboresha mnara hapa kwetu maana yake ni kuufanya uzungumze na mitambo miwili ya kati kwa pamoja, ya zamani na mpya, juu ya barabara moja. Masafa hugawanywa: sehemu ndogo hubakizwa kwa 2G, nyingine hupewa lugha mpya. Kinachoweza kuondoka mapema ni 3G iliyo katikati. Ujerumani kampuni kubwa zilifanya hivyo mwaka 2021, zikaizima 3G na kuiacha 2G. Mtu angeweza kudhani mkubwa ndiye atakayeanza kuondoka, kumbe wa kati ndiye aliyefungishwa virago.

Kuna na suala la laini. Laini za zamani za 2G zilikuwa na mlinzi wa upande mmoja: mtandao huuliza laini "wewe nani?" na laini hujibu, lakini laini haina namna ya kuuuliza mtandao swali hilo hilo. Tapeli mwenye kituo bandia aliweza kujifanya mtandao. Laini za baadaye huhakikishana pande zote mbili, na mitambo ya kati ya 4G haimpokei mgeni asiye na laini ya namna hiyo. Kwa hiyo mnara unaweza kuwa mpya, barabara pana, simu ya kisasa, na bado ukabaki kwenye E kwa sababu laini yako ni ile uliyoinunua ukiwa kijana. Dawa yake ni kwenda kwa kampuni yako ukabadilishiwe kadi huku ukibaki na namba ile ile. Nenda na namba yako ya NIDA na vidole vyako, kwani tangu usajili wa alama za vidole ulipofikia ukomo Januari 2020 hakuna njia ya mkato. Mzee mmoja, mlezi wa mwanafunzi wetu, alikaa muda mrefu akiilaumu simu aliyoletewa na mwanawe. Alipobadilisha laini tu mambo yakamnyookea, akamwomba radhi mwanawe.

MINARA 304

Msidhani haya ni ya kusimuliana tu. Nchi yetu ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka mawasiliano mahali ambako biashara peke yake isingefika. Mwezi Mei 2023, jijini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, mfuko huo ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara mipya 758 vijijini, na kuiongezea uwezo minara 304 iliyokuwapo ili itoke 2G iende 3G na 4G.

Magazeti yaliandika zaidi juu ya ile 758, na ni haki yao, kwani mnara mpya unapigwa picha. Sisi tunaona ile 304 ni habari yenye mafunzo zaidi. Kijiji kisicho na mnara kinajulikana na kila mtu, na diwani wake hupiga kelele. Kijiji chenye mnara wa 2G huhesabiwa kwamba kimeshapata mawasiliano, na wakazi wake hubaki na E yao wakidhani simu zao ni mbovu. Na watu wa Simiyu si wachache. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni mbili.

Kazi yenyewe ya kuhamisha mnara hufanywa usiku, wapigaji wakiwa wachache. Njia mpya imeshafungwa na kupimwa siku kadhaa kabla. Redio za zamani huzimwa, mpya huwashwa, mnara hujitambulisha kwa mitambo ya kati ya zamani kwanza ili sauti irudi, kisha kwa ile mpya. Halafu huja kazi ambayo haisifiwi, nayo ni kuandika majirani. Kila mnara una orodha ya minara inayoizunguka, ili abiria aliye kwenye basi la kwenda Lamadi apokezwe kutoka mnara hadi mnara bila simu kukatika. Mnara ukibadilishwa, majirani wote lazima waandikwe upya pande zote mbili. Tuliwahi kupata shida hiyo hapa jirani: baada ya mnara mmoja kuboreshwa, ilikuwa ukifika mahali fulani barabarani simu inakatika, kila siku pale pale. Watu walisema mengi juu ya mahali hapo. Wiki chache baadaye ikaacha, bila shaka fundi alikuwa amemsahau jirani mmoja.

NA 5G?

Wanafunzi hawawezi kusoma makala ya namna hii bila kuuliza. Vodacom ilizindua 5G nchini Septemba 2022, na wengine wakafuata. Hapa pia tahadharini na herufi zilizo kwenye kioo. Kanuni za kimataifa zilizokamilishwa mwaka 2018 ziliruhusu mambo mawili. La kwanza ni redio ya 5G kutundikwa kando ya kituo cha 4G na kuendelea kutumia mitambo ya kati ya 4G, nayo ndiyo njia iliyoanza sehemu nyingi duniani kwa sababu ni nafuu. La pili ni kinyume chake: kituo cha 4G kilichopo kuongezewa softiwea na njia mpya, kikaweza kuunganishwa na mitambo ya kati ya 5G yenyewe, huku kikiendelea kuwahudumia wenye simu za 4G. Kwa mnara wa kijijini hili la pili lina maana zaidi, kwa sababu redio za 5G za masafa ya juu hazifiki mbali, na mbuga zetu ni pana. Lakini kwanza dishi, saa na betri viwe vimeshawekwa sawa wakati wa 4G. Aliyevipuuza atavilipia tena.

Tukirudi kwa ndugu yetu wa Itilima, alipokwenda nyumbani mara ya mwisho tulimwagiza asiangalie simu, aangalie mnara. Alituletea taarifa iliyoandikwa vizuri kwenye karatasi ya daftari. Nyaya nene nyeusi bado zipo, ameziona sita. Uyoga mweupe hakuuona. Ila juu karibu na kileleni kuna dishi jipya jeupe ambalo halikuwapo Ramadhani iliyopita, limeelekezwa upande wa Bariadi, na mlinzi wa mnara amemwambia walioliweka walisema watarudi na maboksi.